Walipokuja Kumhemba Shemeji

Jumatatu, 18 Agosti. Muyinga.

Habari kubwa! Jumapili huko Gitega kuna mbio za kuchagua timu ya taifa. Wanawake watatu wa kwanza wanaingia. Shemeji yangu Emerensiana atakimbia, na mtoto wake Prosper hajaota hata jino! Kabla ya ujauzito hakuna mwanamke wa Muyinga aliyemfikia. Sasa anasema nyonga zinauma na mwili si ule, ila nafasi yake anaitaka. Akiikosa safari hii hajui kama wataikumbuka sura yake tena. Alisema hivyo akifunga kamba za viatu, bila kunitazama.

Kaka yangu Adriano, mumewe, yuko safarini na lori. Kwa hiyo meneja ni mimi. Hakuna aliyeniteua, lakini pia hakuna aliyekataa kwa sauti.

Kazi ya kwanza ya meneja ni siri. Tangu mwaka jana nawaambia watu wa klabu yake huko Gitega kwamba Emerensiana anaumwa goti. Nani atamchagua mama anayenyonyesha? Goti linapona. Mtoto haponi.

Jioni nimegundua jambo. Shemeji alikuwa anarudi mazoezini, hoi, anajikokota. Prosper akalia mlangoni. Mama mtu akakipanda kilima chetu kwa kasi ambayo sijawahi kuiona! Nimeliweka akilini.

Jumanne, 19 Agosti.

Kocha Imelda kapiga simu kutoka Gitega. Shemeji alikuwa anamwogesha mtoto, nikapokea mimi. Akasema kesho anakuja na wasichana wa klabu kumhemba Emerensiana.

Kumhemba! Mimi nilikulia Kigoma, Kirundi changu kina matundu, lakini neno hilo nalijua vizuri. Bosi wangu wa useremala, Mzee Nazario, hulitamka kila mwisho wa mwezi. Kuhemba ni kumlipa mtu jasho lake. Wanamletea tuzo! Pengine na mkataba!

Jirani yetu Mahmudu, fundi cherehani, alikuwepo. Amemshonea shemeji fulana mpya ya mbio, maana za zamani zinambana kifua. Na yeye anajiona meneja. Akaniuliza, "We Kastori, iko nini? Unacheka na ukuta?" Ningemwambia angetaka kukaa kiti cha mbele. Nikamwambia ni meno. Shemeji naye sikumwambia, nisiharibu mshangao.

Jumatano, 20 Agosti.

Mpango umekwenda barabara! Asubuhi nilimshauri shemeji akafanye mazoezi marefu, hadi Gasorwe. Prosper nikampeleka kwa Zawadi, mke wa Mahmudu. Nikafagia. Nikavaa koti.

Wakaja Imelda na wasichana watatu, kapu kichwani na dumu la pombe ya ndizi. Kapuni unga wa uji, maharage, kitenge kipya. Tuzo yenyewe sikuiona, nadhani ilikuwa chini ya unga. Wote wanacheka, wanapiga vigelegele. Imelda akauliza, "Mtoto iko wapi?"

Kumbe wamenusa! Nikakaza uso. Nikasema hapa hakuna mtoto. Akacheka, akaonyesha kamba ya nguo: na nepi hizi? Meneja hafikirii mara mbili. Nikasema nepi hizo hatuzihitaji tena, leo hii nazigawa.

Vigelegele vikakatika. Imelda akajishika mdomo. Akauliza kwa sauti ndogo mama yuko wapi. Nikasema amekwenda kukimbia, ndivyo anavyofanya siku hizi kuanzia alfajiri. Wasichana wakaangua kilio. Nilijua mwanamichezo anaheshimiwa, lakini si kwa kiwango hiki! Wakanishika mikono mmoja mmoja, wakaweka kapu chini taratibu, wakaondoka wameinamisha vichwa. Pombe ni nzuri.

Ijumaa, 22 Agosti.

Balaa.

Tangu asubuhi simu ya shemeji inalia. Pole. Pole sana. Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Shemeji anauliza ametwaa nini, huku Prosper ananyonya. Kisha ujumbe kutoka klabu: wamemwondoa kwenye mbio ili apumzike na msiba wake. Melania, mwenzake wa klabu, atakimbia badala yake.

Akampigia Imelda kusema mtoto yu hai. Imelda akamjibu kwa upole sana kwamba ndiyo dada, iko hai kwa Mungu. Kila alivyozidi kusema, ndivyo Imelda alivyozidi kulia.

Basi ikabidi nieleze. Mahmudu alisikia yote dirishani, akaingia bila hodi. Akacheka mpaka akaketi chini. Kumbe kuhemba pia ni kumtembelea mzazi aliyejifungua, kumpelekea uji na pombe na kumwona mtoto! Na mtoto asipoonekana, watu wanaelewa. Kumbe Imelda alijua tangu ujauzito, shemeji alimwambia mwenyewe. Goti langu halikuwahi kuaminiwa na mtu.

Shemeji hakucheka. Alisema nikae. Sikukaa, mwiko ulikuwa mkononi mwake. Kisha akalia. Akasema ameamka gizani miezi hii yote, amekimbia maziwa yakimlowesha kifua, amevumilia wanaomwambia abaki na mtoto nyumbani, halafu mimi nimemfuta kwa maneno ya nepi. Nilijisikia vibaya sana, karibu hadi chakula cha mchana.

Jumamosi, 23 Agosti. Gitega.

Tumekuja wote, mpaka Mahmudu. Eti fulana inaweza kuhitaji sindano.

Tukawakuta wasichana wa klabu wamejifunga vitambaa vyeusi mkononi kwa ajili ya marehemu. Marehemu akawachekea. Imelda alipiga yowe, akambeba, akambusu kila mahali, kisha akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nyuma ya Mahmudu.

Watu wa usajili wakasema jina likishatoka limetoka. Shemeji akasimama mbele yao, ametulia, akasema hakuja kuombewa huruma, amekuja kukimbia. Mkubwa wao akainama kumtazama mtoto vizuri. Prosper akamtapikia maziwa shatini. Melania akasema yeye hataki nafasi iliyotokana na uongo. Jina likarudi!

Jumapili, 24 Agosti. Gitega.

Siku yenyewe!

Mpango wangu: kusimama na Prosper kwenye kilima cha mwisho. Mama anapita, mtoto analia, mama anaruka. Kumbe shemeji kamnyonyesha kabla tu ya kuanza. Prosper kalala fofofo. Nikamtekenya. Nikamwimbia. Nikampulizia sikio. Wapi!

Wakatokea! Shemeji wa nne! Wa nne! Watatu mbele, na kilima kinaisha! Sikuwa na njia. Nikalia mwenyewe. "Ngaa! Ngaa! Ngaaaa!" Kwa nguvu zote. Wanawake wakanihama. Askari akaja. Mahmudu akamchukua Prosper, akamwambia askari kwamba hanijui.

Shemeji akanitupia jicho moja, akauma meno, akaenda! Akampita wa tatu pale pale kwenye kona! Akavuka mstari, akaanguka magotini, akanyoosha mikono. Mahmudu akamkimbizia mtoto. Akamnyonyesha pale chini, anahema, jasho na machozi pamoja, wasichana wamemzunguka na vitenge. Yumo kwenye timu. Yumo! Nililia. Safari hii kweli.

Baadaye alisema alipanga kumpita yule tangu mwanzo wa kilima, na kelele zangu nusura zimwangushe. Uchovu huo. Sauti yangu ndiyo iliyoshinda.

Jumatatu, 25 Agosti. Muyinga.

Kazini. Mzee Nazario katangaza karakanani kwamba Ijumaa ni kuhemba, asikose mtu. Mafundi wakapiga makofi.

Kastori wa wiki iliyopita angeota mshahara. Kastori wa leo Kirundi anakijua! Nikawatuliza wenzangu, nikawaambia wasitarajie chochote mkononi, walete uji. Mimi sikungoja Ijumaa. Nimenunua unga na dumu dogo, nimekuja nyumbani kwa bosi, nimempongeza mkewe, Mama Dorotea, kwa kujifungua salama. Kichwa chote mvi, wajukuu wanasoma sekondari, na bado! Nikamwuliza ni wa kiume au wa kike, na kama ataanza mazoezi karibuni, maana nina uzoefu.

Amekwenda ndani kumwita mzee. Naandika haya nikiwa barazani, kapu mapajani. Nawasikia wanaongea kwa sauti kubwa. Furaha ya mtoto hiyo!