Sinema za Baba Mkwe

Jumatatu, 9 Juni

Upepo wa Singida leo umeamua kung'oa mabati. Hapa dukani kwangu stendi, wateja wa makava ya simu hamna kabisa. Lakini moyo wangu mweupe: nimepata mpango!

Baba mkwe, Mzee Idrissa, alikuja kutoka Manyoni kula Idi nasi, akateleza uani, enka ikavimba kama boga. Tangu hapo amelala kwenye kochi langu. Asubuhi mpaka jioni anaweka CD zake za sinema za vita kwenye deki. Rimoti iko kifuani kwake. Na Jumamosi ni mechi ya watani wa jadi! Siwezi kumwambia baba wa mke wangu anipishe. Niende kwenye kibanda cha mpira, mimi, mwenye TV? Hapana!

Mpango wenyewe: dukani nina kitivii cha mkononi, kioo sawa na kiganja, spika mbili, kimekosa mnunuzi. Nitakijaza sinema zake nimpe kama zawadi ya mgonjwa. Yeye atapata heshima, mimi nitapata rimoti. Nimekula ugali mara mbili kwa furaha.

Jumanne, 10 Juni

Kitivii hakina mahali pa kuingizia CD. Kinakula memori kadi tu. Nikanakili sinema moja kwenye kadi kwa kompyuta ya dukani. Kikagoma! Eti faili hilo hakilijui.

Calist, mwenye banda la jirani, ambaye kazi yake ni kuwajazia watu miziki na sinema kwenye simu, akachungulia. Akasema lazima sinema igeuzwe kwanza iwe ya aina ambayo kitivii kinaisoma. Akasema nimwachie, jioni ingekuwa tayari. Nimwachie Calist! Ili stendi nzima ijue Amri kashindwa? Nimemwambia nilikuwa najaribu betri tu. Kisha nikapakua programu ya bure.

Alhamisi, 12 Juni

Programu imekuwa ikigeuza sinema tangu jana. Kompyuta ilipata moto, nikaipepea kwa mfuniko wa sufuria. Leo nimewasha kitivii: picha hiyo! Wanajeshi wamekuwa warefu na wembamba kama fito, lakini wanapigana vizuri.

Sauti hamna. Hata mlio wa risasi. Kutoka banda la Calist nilisikia mtu anacheka peke yake. Sikugeuka.

Mwingine angekata tamaa. Mimi nikakumbuka kuwa sinema zote za mzee zina mtu anayetafsiri kwa Kiswahili juu ya picha. Ni kazi gani hiyo? Nitatafsiri mwenyewe! Lugha yao siijui, lakini mzee naye haijui.

Ijumaa, 13 Juni

Baada ya sala nimejifungia chumbani na simu, nikarekodi sauti huku nikitazama picha, ili programu ileile iibandike kwenye sinema. Bunduki nimezipiga kwa mdomo. Farasi, kwa vikombe viwili. Shida ikaja pale shujaa anapombusu mchumba wake. Mbele ya baba mkwe! Nikaeleza, kwa sauti ya adabu, kwamba binti ameingiwa na mdudu jichoni na kijana anampuliza. Rukaya, mke wangu, alikuwa anagonga mlango anataka nikaanue nguo. Sikukatisha. Msanii hakatishi kazi.

Jumamosi, 14 Juni

Ushindi! Nimemwamkia mzee shikamoo, nikamkabidhi kitivii kwa mikono miwili. Akakigeuzageuza, akaniombea dua ndefu. Kisha akachechemea mwenyewe hadi kibarazani kuota jua nacho. Rimoti ikabaki kwenye kochi, bado ina joto lake! Machozi yalinilenga.

Mpira ukaanza. Kibarazani mzee akaanza kucheka. Kwanza kidogo, halafu kwa kukohoa. Akaniita. Wito wa mkwe haukataliwi.

"Huyu jenerali," akaniuliza, "mbona nasikia anasema, 'Amri, anua nguo'? Tena kwa sauti ya Rukaya?"

Nikamjibu kwamba jenerali anatoa amri: sare za jeshi zianuliwe. Nikarudi ndani mbio. Sijakaa, ananiita tena.

"Baba, huko kwao jicho liko mdomoni?"

Nikatazama chini. Nikasema mdudu alikuwa anahamahama.

Hapo akacheka mpaka majirani wakaja. Mama Klara wa nyumba ya pili alikuja na ungo wake wa mchele. Kila aliyefika akataka sinema ianze upya, na mtafsiri akae hapohapo ajibu maswali. Nilikuwa naeleza habari ya farasi mtaa mzima uliporuka kwa goli. Sikuliona. La pili pia sikuliona.

Kusema kweli, sikuumia sana. Mzee alikuwa ameniketisha ubavuni kwake kwenye mkeka, anawaambia watu: "Huyu ndiye mkwe wangu. Sauti zote hizo ni zake, hata farasi." Tangu nimwoe binti yake hajawahi kunisifu mbele za watu.

Jumapili, 15 Juni

Enka imepungua, mzee anakanyaga. Rukaya akamuuliza amkatie tiketi ya basi la Manyoni ya lini. Akajibu haendi popote mpaka nimalize kutafsiri CD zote. Ana begi zima, na ameagiza nyingine ziletwe. Rukaya akanitazama. Mimi nikatazama dari, natabasamu.

Limebaki tatizo moja tu: kioo ni kidogo. Watu wanagongana vichwa, na jana Mama Klara alikaliwa. Nimepata mpango! Calist anauza waya wa kuunganisha kitivii na TV. Mzee na majirani wote watatazama sebuleni kwa nafasi.

Calist akaniuliza kama TV ipo na deki ipo, kwa nini CD zisiwekwe tu kwenye deki. Tena akauliza mechi ijayo nitaitazamia wapi. Nimemwonea huruma. Watu wa namna hii ndio wanaochelewesha teknolojia Singida.

Waya nimeununua.