Nyuki, Ndama na Mkwe Wangu

Wenzangu, leo heshima yangu ya ukwe imeishia zizini.

Mnajua niliishia darasa la tatu. Kichwa changu hakishiki kitu mpaka mkono uandike. Nikitaka kujifunza jambo naulizia, halafu nawaandikia humu kundini kana kwamba nimezaliwa nalo. Juzi ilikuwa zamu ya nyuki. Mzee Lutonja wa Ushirombo alinieleza kwa simu, nikaandika. (Nyuki mwenyewe namjua kwa asali tu.)

Kumbe Holo, binti yangu, alimsomea mumewe Masanja maandishi hayo! Asubuhi mkwe huyo kasimama nje ya ua wangu hapa Nyahanga, mbali, uso kauelekeza barabarani. Kwetu Wasukuma mkwe na mama mkwe, mayu wake, hawasogeleani.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba baba. Kuna msiba?"

"Nyuki wametua kwenye nguzo ya zizi. Ndama kafungwa palepale. Nikisogea wananifukuza. Holo kasema wewe ni mtaalamu."

Mtaalamu! Nilitaka kukana. Lakini ng'ombe wao alikufa, huyo ndama ndiye kabaki. Tukaondoka, yeye mbele, mimi nyuma kwa mbali.

Nikawasha kinyesi kikavu cha ng'ombe kwenye kopo, kama nilivyoandika. Nikajitanda khanga usoni, kama nilivyoandika. Nikaingia taratibu, kama nilivyoandika. Nyuki wanavuma kama mashine ya kusaga. Moshi ukawafikia, wakatulia. Jamani, kumbe mimi msomi!

Nikainamia kamba ya ndama. Mara kitu kinatembea gotini. Kinapanda. Kingine nacho kinafuata! (Kufunga sketi chini kwa kamba niliandika pia. Kufunga sikufunga.)

Wa kwanza akachoma pasiposemeka.

Sketi ikaruka huku, khanga kule. Nikabaki na gagulo, tena lile lililochanika nyuma.

"Mayu! Vipi?" Masanja huyo mbio.

"Geuka! Usinitazame!"

Akageuka, akajigonga kwenye lango. "Nije kusaidia?"

"Ukija nakufa!"

"Umeshavaa?"

"Bado!"

Ndama anarusha mateke. Nyuki wameamka. Fundo limekaza. Na mkwe kaziba uso kwa kofia, anazidi kuuliza kama nimevaa! Nikauma fundo kwa meno niliyobakiwa nayo. Likalegea. Ndama akachomoka, kamba imenizunguka mkono, gagulo linapepea, tukapita ubavuni mwa Masanja mpaka barabarani.

Maskini yule aliposikia kwato akaondoa kofia amwone ndama wake.

Akaona vyote.

Ndama ni mzima. Masanja kakimbilia kwa kaka yake na hajarudi. Holo kanipigia: "Mama, umemfanya nini mume wangu? Anasema tu 'nisamehewe, nisamehewe'."

Atakayecheka, achekee kwake. Kuandika kumenifundisha nyuki wote, ila hakuna aliyenifundisha kwamba kwa nyuki mtu huenda amevaa suruali.