Kesi ya Kinyozi Asiye na Mwalimu

Jumatatu, 4 Novemba
Mteja mmoja tu tangu asubuhi, naye alikuja kuuliza choo kiko wapi.

Sababu naijua. Ghorofa ya juu yangu, katika jengo hili hili la barabara ya Huanshi Zhonglu, hapa Guangzhou, Thadeo amefungua chumba cha kunyolea. Thadeo huyu nilimjua akifunga marobota ya nguo kule soko la Liuhua. Mtu wa kamba na gundi. Leo ana kiti cha kuzunguka, taulo nyeupe, na foleni mpaka kwenye ngazi.

Najiuliza swali moja tu. Kafundishwa na nani? Mie nimekaa miaka saba kwa marehemu mjomba wangu, kinyozi wa kwetu Mwembeladu. Miwili ya mwanzo sikuruhusiwa kugusa hata kitana.

Jumanne, 5 Novemba
Amekuja Medard, anayesomea udaktari wa historia hapa chuoni. Nikamweleza shaka yangu huku nikimnyoa. Akasema jambo hilo si geni. Uingereza ya kale, zaidi ya miaka mia nne iliyopita, kulikuwa na sheria: hufanyi kazi ya ufundi mpaka ukae miaka saba chini ya fundi. Asiyekaa, anashtakiwa. Yeyote aliweza kumshtaki, na mshtaki akishinda alipewa nusu ya faini. Wapo walioishi kwa kazi hiyo.

Nikasimamisha mkasi. Miaka saba. Ile ile yangu.

Medard akaendelea kueleza namna majirani walivyowachukia washtaki hao, na kwamba wengi walisukumwa na wivu. Lakini hapo nilikuwa nimeshawasha mashine.

Jumatano, 6 Novemba
Ushahidi. Nimemtuma rafiki yangu Dullah, muuza viatu, apande juu anyolewe na ampeleleze Thadeo. Karudi na habari nzuri. Thadeo kasema kajifunza mwenyewe, kwa kutazama video kwenye simu na kuwanyoa wapakiaji wenzake ghalani. Kakiri bila hata kubanwa.

Nikamwambia Dullah kafanya kazi ya kiume. Hakunisikia. Alikuwa mbele ya kioo changu, akigeuza shingo huku na huku, akijipapasa kisogo.

Dullah naye namtilia shaka.

Alhamisi, 7 Novemba
Mahakama hatuna, tuna Bimkubwa. Mgahawani kwake ndiko Watanzania wa hapa tunakopelekeana mashtaka, kuanzia mizigo iliyochanganyika kwenye kontena mpaka ndoa. Nimekwenda baada ya Alasiri. Thadeo kaitwa, kaja na taulo begani.

Nikaieleza sheria. Bimkubwa akauliza ni ya wapi. Nikasema ya Uingereza. Akauliza Uingereza inahusiana vipi na vichwa vya watu wa Guangzhou. Nikamjibu kwamba haki haina mpaka. Akamgeukia Thadeo.

"Kaka Ameir anasema kweli, mama," Thadeo akasema. "Sina mwalimu. Mgongo uliponiharibikia kwa marobota nilikwenda kwake, nikamwomba anifundishe. Akaniambia hafundishi wapakiaji."

Silikumbuki neno hilo. Inawezekana nililisema.

Bimkubwa akamimina chai, akanywa, akahukumu.

"Basi asome. Thadeo, funga chumba chako, ushuke kwa Ameir. Utakaa kwake mpaka mwenyewe atamke kwamba umehitimu. Na wewe Ameir, ulitaka awe na mwalimu. Mwalimu ni wewe."

Nimeshinda. Chumba cha juu kimefungwa.

Ijumaa, 8 Novemba
Mwanafunzi kafika mapema, nikampa fagio. Punde foleni nzima ya juu ikashuka kwangu. Tangu nifungue duka sijawahi kuuona ukumbi umejaa namna ile. Nikakipangusa kiti vumbi, nikamkaribisha wa kwanza. Akasema anamngoja Thadeo. Wa pili, vilevile. Wa tatu akakumbuka kuna mtu wa kumpigia simu.

Nikatangaza kwamba mwanafunzi haruhusiwi kugusa mashine. Hawakuondoka. Wakakaa, wakimtazama anavyofagia.

Mwisho nikamruhusu, kwa mazoezi tu. Kufika Maghrib fagio nilikuwa nalo mie.

Jumamosi, 9 Novemba
Ana maswali. Kwa nini mashine naishika hivi na si vile? Kwa nini naanza kisogoni? Sijui. Mjomba hakueleza, alinipiga kitana cha mkono basi. Thadeo anauliza kwa adabu kubwa, na adabu hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi.

Jioni kaja Mchina mwenye jengo. Akamwita Thadeo *laoban*, yaani bosi. Mie akaniagiza maji ya moto.

Jumapili, 10 Novemba
Nimewaza tangu Alfajiri. Bimkubwa alisema mpaka mwenyewe nitamke. Basi nimetamka. Thadeo kahitimu, arudi juu.

Akashangaa, akasema sijamfundisha kitu bado. Nikamwambia wengine huelewa upesi. Akaniomba cheti. Nikamwandikia pale pale, nikagonga muhuri wa duka, ili mradi aende.

Akakishika kwa mikono miwili. Akaniambia hajawahi kuitwa fundi na mtu yeyote, na kwamba mama yake Bukoba atatumiwa picha leo leo. Nikahisi kitu kinanikaba kifuani. Nadhani ni sambusa za Bimkubwa.

Jumatatu, 11 Novemba
Kakitia cheti kwenye fremu, kakitundika mlangoni kwake. Jina langu linaonekana tangu kwenye ngazi. Watu wanalisoma wakiwa kwenye foleni. Nimemsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba kumbe huyu kafunzwa na Ameir wa chini. Mwenzake akauliza kama huyo Ameir wa chini bado ananyoa.

Jumanne, 12 Novemba
Leo nimepanda ngazi mara kadhaa, kwa shughuli zangu. Nimegundua jambo. Thadeo kachukua mwanafunzi, Kibet, kijana wa Eldoret. Kampa mashine siku ya kwanza. Hakufagishwa hata unywele.

Fundi aliyehitimu juzi anafundisha kwa idhini ya nani? Nimempigia Medard kumuuliza kama Waingereza walikuwa na kifungu juu ya hilo. Simu ikalia juu ya kichwa changu, kwenye kile chumba.

Si kitu. Kesi hii iko wazi kuliko ile ya kwanza. Nimeshavaa kanzu, nakwenda kwa Bimkubwa. Nitaomba Kibet aondolewe kule, aletwe kwangu, asome kazi kwa fundi wa kweli.