Kengele Zilizoinamisha Vichwa

Jumatatu, 20 Aprili

Vita vimetangazwa! Chuo kinataka kuufyeka Msitu wa Askew, nyuma ya maktaba, kipate maegesho ya magari. Nimehutubia kwenye ngazi za bwalo. Nimesema taifa linalobadilisha kivuli kwa lami limejichimbia kaburi lake. Makofi machache. Njiwa walitawanyika.

Imogen Thackray, mwanafunzi wa botania anayedhani ukimya ni hoja, akaniuliza hadharani kama nimewahi kuingia msituni humo. Swali la hila! Nikajibu kwamba mtetezi wa wafungwa si lazima afungwe kwanza. Akasema, "Haya, Komredi Lionel, ukimaliza kupiga kelele njoo tupige magoti." Wakacheka wote. Hata njiwa walirudi.

Jambo lenyewe ni hili: mkaguzi wa halmashauri anakuja Jumamosi. Maua ya asili ndiyo mashahidi wetu. Yakithibitisha kwamba msitu ni wa kale, hautaguswa. Yasipothibitisha, lami.

Jumanne, 21 Aprili

Nimeingia. Nimeazima lenzi. Sikutarajia!

Miti haijavaa majani bado, na huko chini kila kitu kinachanua kwa haraka, kama watu waliosikia duka linakaribia kufungwa. Kuna ua la kijani lililojifunika kofia kama mtawa. Wazee wa huku wanasema vijana walitia kipande chake kiatuni ili wasikose wa kucheza naye dansi. Nimetia. Kwa utafiti tu. Mguu unawasha vibaya.

Kengele za buluu, maua yenye umbo la kengele ndogo, zimenishangaza zaidi. Inasemekana anayezisikia zikilia hufa. Nimelala chini, sikio kwenye maua. Nimesikia baiskeli.

Lakini loo, hali yake! Za hapa langoni zote zimeinamisha vichwa, zimeegemea upande mmoja, nyembamba, zinanukia kwa unyonge. Ni ugonjwa, au ni kukata tamaa? Kiumbe gani huinama hivi ila aliyeonewa? Kisha nikakumbuka bustani ya Bi. Winstanley, mwenye nyumba ninayopanga. Kengele zake zimesimama wima, nene, zimezunguka shina pande zote kama umati kwenye mkutano wa hadhara. Hao ndio mashahidi!

Nina mpango.

Jumatano, 22 Aprili

Mpango umeanza vibaya. Ili kumlainisha Bi. Winstanley nilimpelekea ua moja la primrosi, la manjano hafifu, nimelifunika kwa leso, kwa adabu zote. Alipiga yowe. Kumbe kuku wake mweupe amelalia mayai, na kila mtu wa huku anajua (ila mimi, niliyezaliwa kijiji cha pili!) kwamba ukiingiza primrosi moja ndani, kuku atatotoa kifaranga kimoja. Akaniuliza, "We kijana, umetumwa uniue? Toka na hicho kitu! Usirudi bila konzi nzima!"

Nikarudi na konzi nzima. Aliyahesabu mbele ya kuku, kuku naye akisikiliza. Amani ikapatikana.

Hapo nikaomba kengele zake. Akanikumbatia! "Chukua, mwanangu, chukua zote. Kila mwaka nazing'oa, kila mwaka zinarudi, kama shemeji asiye na kazi." Ukarimu ulioje. Nimeguswa sana.

Ijumaa, 24 Aprili

Ushindi. Jana mchana, Imogen akiwa darasani, niliwaondoa wagonjwa wote wa langoni kwa koleo la Bi. Winstanley na kuwazika kwenye lundo la mboji. Mahali pao nimepanda wenye afya, safu kwa safu. Mgongo umekufa. Msitu, kwa mara ya kwanza, una msimamo.

Nimemwandalia mkaguzi hotuba. Kurasa tisa.

Jumamosi, 25 Aprili

Bi. Okell, mkaguzi, ni mwanamke mfupi mwenye buti za hadi magotini. Hakutaka hotuba. Alipiga magoti langoni, akapasua kengele moja, akaitazama chavua kwa lenzi. Akauliza nani amezipanda. Nikasema maumbile, mama. Akasema maumbile hayapandi kwa mistari kama kabichi.

Kisha ukaja mhadhara, nami nikiwa mfano. Chavua hii ni ya buluu. Ya kengele za asili ni nyeupe kama krimu. Hizi zimetoka Hispania kupitia bustani za watu, nyuki wakizichanganya na za asili, mwisho hakutabaki hata moja inayoinama. Nikasema bila shaka hayo ni maendeleo. Hakuna aliyecheka.

Imogen alikuwa anatazama kucha zangu. "Lionel. Zilizoinama umezipeleka wapi?"

Nikasema nilizihurumia.

"Zinainama kwa sababu ndivyo zilivyo, we mtu! Hiyo ndiyo alama yake!"

Bi. Okell alifunga faili. Akasema kwa upole, na upole ule uliniumiza, kwamba palipopandwa kwa mkono pote hutiliwa shaka, na huenda akalazimika kuandika kwamba hii ni bustani tu. Bustani! Nilisikia harufu ya lami.

Imogen hakubishana. Aliomba tu tumfuate chini, hadi kijitoni, ambako sikuwa nimewahi kufika kwa sababu ya matope.

Sijui niandike vipi. Buluu ilikuwa imetanda chini ya miti kama moshi usiopanda. Zote zimeinama. Harufu ile ile, lakini huku haikuwa unyonge. Katikati, nyota nyeupe za msituni, ua ambalo Imogen anasema hutambaa polepole mno, karne nzima kwa urefu wa mtu aliyelala. Nyota hizo zilikuwa zimefika hadi ng'ambo ya mteremko. Nani angeweza kupanda vile? Bi. Okell alivua kofia. Nami nilijikuta magotini. Kwa muda sikuwa na maoni yoyote.

Uamuzi: msitu unabaki. Sharti: wageni wa Hispania wang'olewe wote, tunguu kwa tunguu. Sharti la pili: mimi nisiguse chochote bila idhini ya Imogen. Hili la pili ni la kisiasa.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimemaliza kung'oa. Imogen yuko chini kijitoni. Mawingu yanakusanyika.

Hapa kando ya gogo nimegundua mmea mdogo wa ajabu: kila jani ni mioyo mitatu iliyoungana, na ua jeupe lenye mishipa ya zambarau. Nimeonja jani. Chachu, kama limau! Asubuhi yalikuwa wazi kama viganja. Sasa, mawingu yakitanda, yamejikunja yote, ghafla, kama miavuli iliyofungwa. Taifa zima! Ni kiu? Ni woga? Nani amewatisha?

Imogen yuko mbali, na historia haisubiri idhini. Nimeanza kuyafunua kwa kidole gumba, jani kwa jani, na kuyategemeza kwa njiti za kiberiti. Mengine yanakatika. Hakuna mapinduzi yasiyo na majeruhi.

Tone la kwanza la mvua limeanguka. Imogen ameniona! Ametupa jembe lake, anapanda mteremko mbio, anapunga mikono yote miwili, anapaza sauti, upepo unaimeza.

Hatimaye, mtu ananishangilia.