Bei ya Shimo la Serikali

Furaha iliyoje kwa wote waliojaliwa kuwa hai mwaka ule: Serikali iliamua kuchimba shimo.

Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa soko la Kariakoo, likapigwa mihuri mitatu ili mtu asidhani ni utani. Lilieleza kwamba Idara ya Mashimo na Nafasi Tupu za Ardhini, baada ya kutafakari kwa kina, imeazimia kuwakomesha mbu wa Dar es Salaam kwa kuyakusanya maji yote ya madimbwi ndani ya Shimo Kuu moja, litakalochimbwa kwenye uwanja ulio kati ya Kariakoo na Mchafukoge. Makontrakta wenye sifa njema walete bei zao ndani ya bahasha zilizofungwa. Mwenye bei ya chini ndiye atakayepewa kazi, na akishindwa kuimaliza kabla ya masika atanyang'anywa dhamana yake.

Muhiddin bin Humoud alilisoma tangazo, akazipapasa ndevu, akajiona kontrakta mwenye sifa njema. Sifa zenyewe zilikuwa hizi: alikuwa na duka la nguo Mchafukoge, alikuwa na majembe aliyorithi kwa mjomba, na alikwisha kuwachimbia majirani vyoo vitatu, na viwili kati ya hivyo vilikuwa bado havijatitia. Juu ya hayo, alijua biashara. Sisi watu wa Kariakoo na Mchafukoge sote tunajua biashara, hilo halina ubishi, na ushahidi ni jinsi tunavyosimulia faida tulizokaribia kuzipata.

Hii haikuwa tenda yake ya kwanza. Mara mbili alikwisha kujaribu, na mara zote mbili alifanya kama afanyavyo mtu mwenye akili timamu: aliandika bei mara tatu ya ile aliyoitaka, ili mnunuzi apate pa kushukia. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi la nje ya ofisi, akisubiri kuitwa. Hakuitwa. Mara ya pili uvumilivu ulimwishia, akamvamia Karani Kasmir, kijana wa misheni aliyevaa tai hata siku ambazo mbwa walikuwa wakihema kivulini.

"Bwana Karani, mbona hamniiti?"

"Tukuite kufanya nini, Sheikh?"

"Mniambie nipunguze."

"Serikali haiombi kupunguziwa. Inafungua bahasha, inasoma, inafunga."

"Bila hata kusema 'Lo, ghali'?"

"Bila."

Muhiddin aliionea Serikali huruma ya kweli. Dola nzima, ina manowari na magari ya moshi, na haijui kununua.

Safari hii basi alikuja na hekima mpya. Kama Serikali haijui kupatana bei, yeye ataisaidia: atapatana nayo nyumbani kwake kwanza, na ile bei ya mwisho, iliyokwisha kukamuliwa, ndiyo ataitia kwenye bahasha. Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, alimwita mkewe Mauza. Huyu Mauza, au Mama Zeina kama alivyoitwa mtaani, alikuwa na sifa zake. Wachuuzi wa samaki walipokaribia baraza yake walivuka barabara, wakapita upande wa pili.

Muhiddin alimkalisha kwenye kiti, akamvika tarabushi lake. "Leo wewe ni Bwana Mkubwa wa Idara. Mimi ni kontrakta. Haya, niulize bei."

"Shimo hilo kiasi gani?"

"Shilingi mia tisa."

Mauza akacheka mpaka tarabushi likainama. "Mia tisa! Wenzako wakiniuzia kitu, kitu nakiona. Wewe unanichukulia udongo wangu, unaniachia tundu, halafu nikulipe?"

"Mama Zeina, kuna vibarua..."

"Mama Zeina yupi? Mimi ni Serikali."

"Bwana Mkubwa, kuna vibarua, kuna mbao za kushikilia kuta..."

"Mchanga wa Kariakoo huo! Kuku anachimba bila tenda."

"Basi mia sita, kwa ajili yako."

Mauza akainuka. "Nakwenda zangu kwa Rajnikant."

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Mwenye duka anaweza kustahimili njaa, jua na mkwe mkorofi, lakini kuuona mgongo wa mnunuzi ukielekea mlangoni hawezi. Muhiddin alisahau kwamba mgongo ule ameuoa. Aliruka akaushika upindo wa nguo. "Njoo, Bwana Mkubwa, njoo, tusikosane! Mia nne." Mauza alikuwa amefika kizingitini. "Mia tatu!" Mauza alikuwa amekwisha kutoa mguu mmoja nje.

Walikubaliana mia mbili na ishirini. Muhiddin alijifuta jasho kwa raha, maana mnunuzi alikuwa mkali lakini biashara ilikuwa imefanyika kwa ridhaa ya pande zote mbili. Akaandika bei, akailamba bahasha, akaifunga.

"Baba Zeina," Mauza akauliza akivua tarabushi, "kuchimba kwenyewe kutakugharimu kiasi gani?"

"Hayo," akasema Muhiddin, "yatajulikana kazini."

Bahasha zilifunguliwa, na Muhiddin akashinda kwa mbali sana. Wa kwanza kumpongeza alikuwa Rajnikant, aliyechimba misingi ya nusu ya nyumba za mjini na ambaye bei yake ilikuwa shilingi mia sita na kumi. Alimshika mkono kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa rambirambi.

"Hongera, Muhiddinbhai. Maji umetia kwenye bei?"

"Maji gani?"

"Ya chini. Pale ukifika kiunoni, bahari inakuja kukusalimu. Na kuvimba je? Udongo ukilala ardhini umebanana, ukitoka unatanuka. Shimo la gari kumi linatoa gari kumi na tatu, na zote za kusomba wewe."

Muhiddin alicheka kicheko cha mtu aliyeyajua hayo tangu utotoni.

"Na faida umetia?"

"Faida hujitia yenyewe," akajibu, akaingia ofisini kuweka sahihi. Dhamana aliyoiweka ilikuwa duka.

Kazi ikaanza kwa dua na ikaendelea kwa laana. Vibarua walichimba mchana kutwa, na usiku kuta zikaporomoka, asubuhi Shimo likawa limerudishiwa nusu ya mali yake. Zikanunuliwa mbao. Kisha bahari ikaja kusalimu, kama ilivyoahidiwa, ikabidi wakodiwe watu wengine wa kuteka maji kwa madebe, na ujira wao haukuwa umetajwa na Bwana Mkubwa yeyote, wa kweli wala wa tarabushi. Ili kuwalipa, Muhiddin aliuza kitambaa cha duka, jora moja baada ya jingine, kwa bei ya kutupa. Duka lile lilikuwa la baba yake, Mzee Humoud, aliyelianza kwa kubeba nguo begani nyumba hadi nyumba. Adhuhuri moja Muhiddin alisimama akazitazama rafu tupu, akaona haya, na haya ile ilimuuma kweli. Mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha kuonekana. Shimo lisipokwisha, hata rafu zenyewe zitakuwa za Idara.

Likaisha, kwa tundu la sindano. Mkuu wa Idara, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Mashimo, alikuja na kofia yake ya jua na fimbo ya kupimia, akashuka, akapanda, akasema, "Vizuri sana." Malipo yakatolewa, na jioni ile ile yakawa yamekwisha mikononi mwa vibarua.

"Limebaki jambo dogo," akasema Karani Kasmir. "Sharti la mwisho. Udongo wote utokao shimoni ni mali na mzigo wa kontrakta. Uondoke uwanjani, ama sivyo dhamana."

Muhiddin aliutazama udongo ule. Rajnikant hakuwa amemwongopea: kilima kilikuwa kikubwa kuliko shimo lililokizaa. Kila aliyeombwa mahali pa kuumwaga alitaka alipwe, na Muhiddin hakuwa na kitu.

"Ulete nyumbani," akasema Mauza.

"Uani kwetu?"

"Uani kwetu hakuna sharti la mwisho."

Ukasombwa kwa mikokoteni ya kuazima, ukajaza ua, ukapanda mpaka ukachungulia juu ya ukuta. Mtaa haukunyamaza, na kwani lini uliwahi kunyamaza? "Sheikh Muhiddin kaoa wa pili," wakasema barazani, "tena mnene, na kamweka nyumba moja na mkubwa."

Masika yakanyesha. Maji ya madimbwi yakakusanyika ndani ya Shimo Kuu sawasawa na tangazo, na mbu, ambao hawakuwa wakaidi kama walivyodhaniwa, wakayafuata. Idara iliandika taarifa ndefu kwenda ng'ambo kwamba mbu wa Dar es Salaam, waliokuwa wakiishi ovyo ovyo bila mpango, sasa wote wako mahali pamoja chini ya uangalizi wa Serikali. Taarifa ile ilisifiwa. Ilisifiwa kupita kiasi, maana ikaja simu ya upepo: Mkaguzi Mkuu wa Afya yuko melini, anakuja.

Idara ilikuwa na kamati yake, Kamati ya Kina, nayo ikaketi kwa dharura. Ilikuwa wazi kwa kila mjumbe, na hasa kwa wale waliokuwa na homa, kwamba Mkaguzi asilione lile shimo. Likaazimiwa lifukiwe mara moja. Ukatafutwa udongo, ukakosekana, kwa sababu Idara yenyewe ilikwisha kupiga marufuku mtu yeyote kuchimba udongo mjini bila kibali, na kibali kilihitaji miezi mitatu, nayo Idara haikuwa na tabia ya kujipendelea. Udongo pekee uliokwisha kuchimbwa kwa halali ulikuwa umelala uani kwa Muhiddin.

Bwana Mashimo akaja mwenyewe, na Karani Kasmir nyuma yake. Mauza alimwambia mumewe, "Wewe kaa, unywe kahawa, na mdomo uwe na kazi hiyo tu." Kisha akajifunika buibui lake vizuri, akatoka barazani. Alikuwa amejiandaa. Alikusudia kuishia shilingi mia nne, na ili afike huko alikuwa na hoja saba, kiapo kimoja na machozi kidogo.

"Shilingi elfu moja na mia mbili," akaanza. "Hiyo ni ya udongo wenyewe, kuubeba ni juu yako."

"Sawa," akasema Bwana Mashimo.

Mauza akasubiri. Hakuna kilichofuata. "Sawa nini?"

"Sawa, nanunua."

Mauza akamgeukia Karani Kasmir kwa sauti ya chini. "Mwanangu, huyu Bwana ana homa? Mwambie aseme ghali, walau mara moja. Mimi nimejiandaa tangu asubuhi."

"Mama, ndivyo alivyo," akasema Kasmir kwa huzuni.

Fedha zililetwa, na Mauza alizipokea kama mtu aliyealikwa harusini akakuta biriani imekwisha kuondolewa. Muhiddin yeye alitokwa na machozi waziwazi, akaenda kununua majora. Wafungwa wakausomba udongo, wakafukia, wakashindilia, mpaka mbuzi wakaja kulala juu yake.

Mkaguzi Mkuu alishuka melini Alhamisi. Hakutaka chai wala kupumzika. Alipelekwa uwanjani moja kwa moja, kwa amri yake mwenyewe, na watu wa Kariakoo na Mchafukoge wakajazana kutazama. Akauangalia mchanga, akawaangalia mbuzi, akasema maneno ambayo Karani Kasmir aliyatafsiri kwa walio karibu, huku tai ikimkaba: Mkaguzi ameisoma ile taarifa, amevuka bahari kuja kuliona Shimo Kuu, na akiridhika litaigwa katika makoloni yote. Liko wapi?

Bwana Mashimo akageuka rangi ya chokaa. "Linatengenezwa," akasema. "Jumatatu litakuwa tayari." Macho yake yakapapasa umati, yakamwangukia Muhiddin. Akamfuata mbio, akamnong'oneza kwa Kiswahili chake cha ofisini, "Kontrakta! Lile shimo. Unaweza kulichimba tena, kabla ya Jumatatu?"

Muhiddin akafungua kinywa kutaja bei, na kisigino cha Mauza kikatua juu ya vidole vyake.

"Anaweza," akasema Mauza.

"Kwa kiasi gani?"

Mauza akatazama juu, kama aliyesikia ndege.

"Mia sita," akasema Bwana Mashimo.

Mauza akalirekebisha buibui lake.

"Mia tisa."

Nyuma yao Mkaguzi Mkuu akakohoa, akaitoa saa yake mfukoni. Mauza akamshika mumewe mkono, akageuka, akaanza kutembea kurudi Mchafukoge, taratibu, hatua za mtu ambaye duka hili halikumpendeza. Na Mkuu wa Idara ya Mashimo na Nafasi Tupu za Ardhini, kofia mkononi, viatu vimejaa mchanga, mbele ya Kariakoo nzima, akatimua mbio nyuma yake.

"Mama!" alikuwa akiita. "Mama, njoo, tusikosane! Elfu mbili! Mama!"