Kifua Mbele na Muziki wa Bure

Kifua Mbele alikuwa anasema chuma kikimwona tu, kinapata kutu kwa woga! Akikohoa, vioo vya jirani vinaomba msamaha. Na siku aliyozaliwa, eti mkunga hakumnyanyua yeye. Yeye ndiye aliyemnyanyua mkunga.

Sisi tulimwacha aseme. Kubishana na mtu mwenye shingo pana kuliko kichwa ni kujitafutia hospitali.

Alikuwa na jimu. Chumba kimoja kirefu juu ya duka la rangi, unapanda kwa ngazi za chuma zinazolia kila ukikanyaga. Vioo ukuta mzima, mikeka ya mpira inayonuka soksi, na spika mbili, kila moja ndefu kama kabati la nguo. Spika hizo ndizo zilizokuwa jimu yenyewe, vyuma vilikuwa mapambo tu. Asubuhi akiwasha muziki, makopo ya rangi kule chini yanajikoroga yenyewe!

Mimi, fundi viatu wa mlango wa pili, nililetwa pale na tumbo langu. Lilikuwa linanitangulia kila mahali, nikaona heri tufuatane vizuri.

Basi asubuhi moja akaingia mama mdogo wa umbo, mkoba begani, viatu vya kimyakimya. Alisimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha, tena mguu wake mmoja ukiitikia.

"Wimbo mtamu," akasema. "Leseni iko wapi?"

"Ya kuendesha gari?"

"Ya muziki. Natoka ofisi ya haki za wanamuziki."

Kifua Mbele akacheka mpaka kifua kikatikisika kama godoro linalokung'utwa vumbi. "Mama, muziki ni hewa! Redio nimenunua, spika nimenunua, umeme nalipa. Sasa mnataka na masikio niyalipie?"

"Nyumbani kwako sikiliza mpaka uchoke, hakuna atakayekugusa. Hapa unawapigia wateja. Wimbo wa mtu unakufanyia kazi, na aliyeutunga naye ana watoto."

"Wateja gani wanasikiliza? Hawa wanakuja kuniona mimi! Muziki huu ni wangu, wa kujiburudisha roho."

"Ahaa! Basi zima kidogo tuone."

Akazima.

Jamani! Kumbe miezi yote ile tulikuwa hatujawahi kusikiana! Magoti yalilia kama milango ya kale. Mtu mmoja alikuwa anahema kama tairi lililotobolewa. Na kule pembeni, alikoinama muuza maziwa, ikatoka sauti ambayo siitaji, na ambayo mwenyewe mpaka leo anamsingizia mkeka.

"Washaaa!" tukapiga kelele wote.

Yule mama akatabasamu. "Umewasikia wasiosikiliza?"

Akampa mpaka wiki ifuatayo akachukue leseni, na mpaka hapo spika zifunge mdomo. Wala leseni yenyewe haikuwa mzigo. Kifua Mbele alikuwa anatumia zaidi ya hapo kwa mafuta ya kujipaka misuli ing'ae. Lakini mtu akishasema mbele ya watu kwamba muziki ni hewa, ataanzaje kulipia hewa?

"Hakuna njia nyingine?" akauliza, sauti imeshuka kidogo.

"Ipo. Piga nyimbo ulizotunga mwenyewe. Au alizotunga mtu wako, kwa ridhaa yake."

Kifua Mbele akalishika lile la "mtu wako" kwa mikono miwili. Lile la "ridhaa yake" likampita kama basi lililojaa.

Sasa, asingekuwa na haraka, tungecheka yaishe. Lakini Alhamisi ile alikuwa anakuja meneja wa kiwanda cha sabuni kukagua jimu. Akiipenda, kiwanda kizima kinajiunga. Asipoipenda, basi, maana mwenye nyumba alishasema wazi kwamba kodi isipolipwa, chumba kile anakitaka aweke magunia. Kifua Mbele angebaki na kifua bila pa kukiweka.

"Mume wangu, si ukachukue tu hiyo leseni?" mkewe akamwambia.

"Nani? Mimi? Watu watanionaje?"

Akaanza kwa kutuimbia mwenyewe. Aliimba huku anatembea katikati yetu, wimbo wa kujisifu aliotunga bafuni. Alipofika kwenye kiitikio, dada mshonaji, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, akaweka chuma chini.

"Mwalimu, nina ombi."

"Sema, dada."

"Niongezee uzito. Kama ni kuumia, niumie na vyuma."

Siku ya pili tukabaki watano.

Jioni yake amekaa sebuleni, kichwa mikononi, akasikia sauti kutoka chumba cha ndani. Mama mkwe wake, aliyekuja kukaa nao tangu mtoto azaliwe, alikuwa anamlaza mjukuu. Nikwambie, yule mama akiimba, sauti inakufunika kama blanketi lililoanikwa juani. Kifua Mbele akanyanyua kichwa. Huyu si mtu wake? Kwani mama mkwe ni wa nani?

Ila kumwomba sasa! Huyu baba aliyemnyanyua mkunga, mbele ya mama mkwe anaongea kama mtu aliyekwamwa na mwiba. Shikamoo yake inatoka nusu, nusu nyingine anaimeza. Atamwambiaje, "Mama, naomba uniimbie"?

Akafanya ujanja. Akawasha simu irekodi, akapiga magoti kwenye korido, akaisukuma simu kwa kidole kupitia chini ya mlango. Halafu akachuchumaa kusubiri. Kabla hajajua, kalala palepale, mdomo wazi.

Alipozinduka, simu iko kando ya goti lake. Akajisifu: "Unaona? Hata nikiwa usingizini mkono wangu unafanya kazi!"

Akataka kuusikiliza wimbo wote auhakiki. Mstari wa pili tu, paji la uso likagonga meza. Akajaribu tena kwenye kochi, akaamshwa na mkewe. Akajaribu amesimama, akaikumbatia fremu ya mlango. Basi akaridhika. Wimbo ni mzuri, hauna haja ya kuusikiliza!

Aliponieleza nilishika kiuno. "Bwana, wimbo wa kulaza mtoto, tupigie pushapu?"

"Fundi, wimbo ni wimbo! Nikiupandisha sauti unakuwa dansi."

"Na wewe hutalala?"

Akagonga mfuko wa bukta yake, akacheka. Alikuwa na pamba. "Masikio naziba. Nilale mimi? Mimi nyoka akiniona anabadilisha njia!"

Alhamisi ikafika. Meneja akapanda zile ngazi akiwa na wafanyakazi wake wachache. Mtu mwembamba, macho mekundu, chini ya macho mifuko ambayo ungeweza kubebea sabuni. Kifua Mbele akawapokea na hotuba.

"Karibuni nyumbani kwa ujasiri! Hapa mtu anaingia kifaranga, anatoka tai! Mnaniona mimi? Neno woga sijui hata linaandikwaje!"

"Tunataka watu wetu wachangamke," meneja akasema huku anapiga mwayo. "Kiwandani wanasinzia. Hata mimi. Usiku sipati usingizi, mchana nasinzia."

"Mtachangamka mpaka mkome!"

Akajaza pamba masikioni, akabonyeza simu. Spika zikanguruma, kisha ikatoka ile sauti, kubwa kama nyumba, laini kama siagi:

*Lala lala mjukuu, jua nalo limechoka,*
*Kuku wote wamelala, mlango umefungika...*

"Mikono juu!" Kifua Mbele akafoka kama viziwi wanavyofoka.

Mikono ikaenda juu. Ikarudi chini polepole. Mingine haikurudi, ilipitia kichwani ikageuka mito. Muuza maziwa alishuka kufanya pushapu, hakupanda tena. Meneja alijilaza kwenye mkeka unaonuka soksi, akajikunja, akavuta taulo la mtu mpaka shingoni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefika mahali pazuri sana, sijui ni wapi, lakini kulikuwa na ugali wa moto... hapana, nadanganya, sikumbuki kitu.

Kifua Mbele hana habari. Amegeukia kioo anajipima mikono, anahesabu, "Moja! Mbili! Safi sana!"

Ndipo ukaingia ubeti wa pili. Na hapo, wapenzi, ndipo tukajua kwamba mama mkwe haimbi tu nyimbo, anazitunga palepale.

*Usimwite baba yako, kifua tele mwilini,*
*Jana amemwona mende, akarukia kitini...*

Dada mshonaji akafungua jicho moja.

*Akaita, "Mama mkwe! Uko wapi? Niauni!"*
*Nikampiga kiatu, mkwe akashuka chini.*

Chumba kikalipuka! Watu waliamka kwa kicheko, kama waliomwagiwa maji. Muuza maziwa alikuwa anapiga mkeka ngumi. Wafanyakazi wa kiwanda wameshikana mabega wasianguke. Meneja kakaa kitako, taulo shingoni, machozi yanamtoka.

Kifua Mbele, pamba masikioni, akaona kwenye kioo watu wanaruka na kupiga makofi. Si akadhani ni misuli! Akavimbisha mkono wa kulia. Tukazidi. Akavimbisha wa kushoto. Tukaanguka. Akageuka na kifua chote, mikono juu, anang'aa mafuta, anatabasamu kama bingwa wa dunia!

Dada mshonaji akamwendea, akamchomoa pamba ya sikio moja, kwa wakati muafaka kabisa. Maana wimbo ulishakwisha, na kwenye spika yule mama alikuwa anazungumza na mtoto, taratibu:

"Ameshalala mume wangu mdogo. Haa, na simu hii chini ya mlango ni ya nani? Ona, na baba yako naye kalala kwenye korido. Mkwe! Mkwe! Haamki. Haya, simu yako hiyo."

Ikasikika simu ikisukumwa na kidole cha mguu. Kisha kimya.

Nimeona watu wakipungua mwili, lakini hupungua kwa miezi. Kifua Mbele alipungua tukiwa tunamtazama.

Meneja akajifuta macho. "Mwalimu, watu wangu sijawaona wamechangamka hivi tangu kiwanda kifunguliwe. Na mimi nimelala! Nimelala kweli! Tutajiunga."

Kifua Mbele akaanza kujaa upepo tena.

"Lakini," meneja akasema, "huyu mama inaonekana hakuombwa. Na sisi kiwandani, mtu akichukua chapa yetu akaibandika kwenye sabuni yake, tunampeleka mahakamani. Siwezi kuleta watu kwenye muziki wa wizi. Jumatatu nikija, nikute leseni ukutani, au nimkute mama mwenyewe aniambie ameruhusu. Moja kati ya hayo mawili."

Leseni, au mama mkwe! Unadhani mwenzetu alichagua nini? Alichagua cha bure.

Alimtuma mkewe kwanza. Mkewe akagoma. "Uliyeiba ni wewe, mdomo ni wako. Mimi nitakaa hapa kama shahidi."

Mama mkwe akatoka chumbani, mtoto begani, akakaa kwenye kigoda. Kifua Mbele naye akakaa chini kabisa, kwenye sakafu, magoti yamefika mashavuni.

"Shikamoo mama..."

"Marahaba, mkwe wangu. Nasikia nimeimba kwenye vyuma."

"Ndiyo mama. Kidogo tu, mama."

"Tena kwa spika kubwa."

"Zile... ni za wastani, mama."

"Na watu walipenda?"

Kifua Mbele akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dari. "Walipenda sana, mama," akanong'ona. "Sasa mama, nilikuwa naomba... ruhusa. Jumatatu kuna mgeni."

Mama mkwe akampapasa mtoto mgongoni, hana haraka. "Mkwe, ungeniomba tangu mwanzo ningekupa siku ileile. Mimi mtu akipenda wimbo wangu nafurahi. Ruhusa nimekupa, sitaki chochote. Piga mpaka spika zichoke."

"Asante mama! Asante sana mama!" Alishaanza kunyanyuka.

"Ila wimbo wangu sipendi ukatwe. Ukiupiga, uupige wote."

Akakaa tena. "Wote ni... beti mbili, mama?"

"Mbili ni za siku mtoto akiwa na usingizi wa karibu. Wote una beti saba." Akaanza kuhesabu kwa vidole vya mjukuu. "Kuna ule wa mende. Kuna ule wa siku taa ilipozimika ukaingia chini ya meza. Kuna wa sindano ya hospitali, ulipomshika nesi mkono ukamwita mama..."

"Mama, ule usi..."

"Kuna ule wa kopo la jemu, ukashindwa kulifungua, mke wako akalifungua. Kuna wa..."

Hakuumaliza ule mkono. Mkwe alishatoka nje, na kandambili moja akaiacha mlangoni.

Asubuhi ya siku iliyofuata, yule mama mdogo wa viatu vya kimyakimya alifika ofisini kwake na funguo mkononi, akamkuta mtu amekaa mlangoni, amejikunja kama gunia. Anasema hakumtambua haraka, kwa sababu kifua hakikuwa mbele.

"Karibu. Umekuja kubishana?"

"Nimekuja kuchukua leseni, mama."

"Vizuri! Unataka kupiga muziki wa aina gani kwa wateja wako?"

"Wowote, mama yangu!" Kifua Mbele akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Wa zamani, wa sasa, wa ndani, wa nje, hata wa kulia msibani! Nipe nyimbo zote duniani, ilimradi mimi simo ndani yake!"