Kanuni ya Kulalamikia Baridi

Kwa furaha isiyo na kifani, Idara ya Kuwakalisha Waliokubaliwa Kukaa, tawi la Winnipeg, iliwatangazia wahamiaji wote waliopewa ukaazi wa kudumu kwamba imewabakia hatua moja tu: kuilalamikia baridi ipasavyo. Asiyelalamika bado ni mgeni. Anayelalamika kupita kiasi naye ni mgeni. Mkaazi kamili hulalamika kiasi.

Karani Orest Hnatiuk hakuona cha kuchekesha hapo. Kanuni ni kanuni, tena hii aliitunga mkurugenzi mwenyewe, Bwana Pritchard, akiwa Meksiko, anakokwenda kila msimu wa baridi kwa sababu za kiuongozi.

Asubuhi hiyo, nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri, Ligaya Magbanua, mlezi wa wazee, alisimama mbele ya dirisha la Orest kwa mara ya nne.

"Kadi yangu ya ukaazi, kaka Orest. Ijumaa naenda Iloilo, mama anatimiza miaka tisini. Nikiondoka bila kadi, kurudi sirudi."

"Baridi unaionaje?"

"Nzuri tu, namshukuru Mungu."

Orest akafumba macho. "Dada, juzi ulisema inakaza ngozi. Nisaidie nikusaidie! Lalamika kidogo tu."

"Mama alinifunza, mgeni hatii dosari nyumba ya watu."

"Lakini wewe si mgeni tena! Barua ya ukaazi unayo."

"Basi nipe kadi."

"Siwezi. Bado mgeni."

Benchi zima la waliosubiri zamu likaangua kicheko. "Mwambie pua imeng'oka!" mzee mmoja akadakia.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Akaingia Bwana Pritchard, uso umeiva kwa jua, miguuni viatu vya kitambaa. Jana alirudi ili leo apigwe picha na wakaazi wapya. Gari alililaza nje bila kuchomeka waya wa umeme unaopasha injini, kosa ambalo hata bibi kizee wa Winnipeg halifanyi usingizini. Likagoma. Akaja kwa miguu.

"Nakufa! Hii si baridi, ni adhabu! Binadamu anaishije hapa?"

Ligaya akavua skafu yake, akamzungushia shingoni.

"Pole, bosi. Mbona hii ni baridi kavu tu! Ngoja upepo uanze, ndipo utalia. Na gari, si ungelichomeka?"

Kalamu ikamponyoka Orest. Baridi kavu! Lalamiko la kiasi hasa, maneno ya marehemu baba yake, kila Januari, masikio yakiwa meusi kwa baridi. Akagonga muhuri kabla dada hajashukuru tena, akamkabidhi kadi. Kisha akachukua fomu mpya.

"Jina?"

"Orest, acha utani. Mimi mkurugenzi!"

"Ndiyo, bosi. Umelalamika kupita kiasi, hadharani. Nambari yako ya foleni ni sitini na tatu."

"Nimezaliwa mji huu!"

"Basi ni rahisi. Leta shahidi mmoja aliyewahi kukuona hapa Januari."

Pritchard akaligeukia benchi. Benchi likatazama dari. Akamgeukia Ligaya.

"Ningekufaa, bosi, lakini nimepitisha misimu mitatu ya baridi hapa, na leo ndiyo kwanza nakuona." Akatia kadi mkobani, akafunga koti hadi kidevuni. "Skafu baki nayo. Mgeni hanyimwi."